Ngitili na Hesabu ya Miche

Jina "mfumo wa ikolojia" limezoeleka mno katika shule za sekondari hata limepoteza makali yake. Mwanafunzi hulitaja kwa ufasaha. Huchora mshale kutoka kwenye jani kwenda kwa panzi, kutoka kwa panzi kwenda kwa chura, kutoka kwa chura kwenda kwa nyoka, na kutoka kwa nyoka kwenda kwa mwewe, kisha hupewa alama zake. Katika kata ya Shishiyu, Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu, mwanafunzi huyo huyo yumkini hurudi nyumbani akipita kando ya eneo la nyasi na miti lililofungwa, ambalo wazee wake huliita ngitili, bila ya kuambiwa kwamba kile alichokichora ubaoni ndicho kilicho mbele yake, na kwamba kina mambo mengi kuliko mishale minne.

Hasara ya jambo hili haiishii katika mtihani. Nchi ya Usukuma imekwisha kulipa gharama kubwa kwa kutotambua namna viumbe, udongo, maji na moto vinavyotegemeana. Hata leo, pale ambapo kazi ya kutunza mazingira hupimwa kwa idadi ya miche iliyochimbiwa mashimo, kosa lile lile laweza kurudi kwa sura nyingine.

Inafaa kwanza ijulikane kwamba jina hilo lenyewe si geni kabisa katika ardhi hii. Liliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935 na Arthur Tansley, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, katika makala ya kubishana. Aliyekuwa akibishana naye hasa ni John Phillips, mwanaikolojia wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1920 katika utafiti wa mbung'o huko Kondoa Irangi. Phillips aliona pori kuwa kama kiumbe kimoja kikubwa, chenye kuzaliwa, kukua na kukomaa. Tansley alikataa. Alisema kwamba pori si mnyama wala si mti, bali ni mfumo, na kwamba mfumo huo haukamiliki pasipo kuhesabiwa vitu visivyo na uhai pia, yaani hewa, joto, maji na udongo. Basi dhana inayofundishwa duniani kote imetokana, japo kwa upande mmoja, na mabishano juu ya mapori ya aina ile ile inayofahamika Shinyanga, Maswa na Bariadi.

Ngitili ni nini? Kwa desturi ya Wasukuma, ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, mnamo Novemba au Desemba, ili nyasi zikue, zichanue na zipukutishe mbegu bila ya kuguswa na mifugo. Hufunguliwa katikati ya kiangazi, Julai au Agosti, malisho ya nje yanapokuwa yamekwisha, tena hufunguliwa kipande baada ya kipande. Zipo ngitili za kaya moja na zipo za kijiji. Sheria zake hazikuandikwa vitabuni. Zilitungwa na kulindwa na mkutano wa jamii uitwao dagashida, na mwenye kuingiza ng'ombe kabla ya wakati alitozwa faini. Kwa lugha ya ikolojia, ngitili ni mfumo ambao mwanadamu ameshika lango lake tu, kazi nyingine yote ikafanywa na jua, mvua na viumbe.

Kazi hiyo ni ya namna mbili, na wanafunzi wengi huzichanganya. Nishati hupita katika mfumo mara moja tu, haina marejeo. Jua huangaza, jani hunasa sehemu ndogo sana ya nuru hiyo na kuigeuza kuwa sukari, ng'ombe hula jani, na katika kila hatua sehemu kubwa ya nishati hupotea kama joto. Raymond Lindeman, kijana wa Marekani aliyefariki mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 26, ndiye aliyeonyesha jambo hili kwa hesabu kutokana na kijiziwa cha Cedar Bog huko Minnesota. Toka kwake wanafunzi hufundishwa kwamba karibu sehemu moja ya kumi tu ndiyo hupanda ngazi inayofuata. Sehemu hiyo ya kumi ni wastani wa kukisia, wala isishikwe kama amri, lakini yaeleza vema kwa nini ekari nyingi za nyasi hulisha ng'ombe wachache, na ng'ombe wengi hulisha simba mmoja.

Virutubisho, kinyume chake, huzunguka. Naitrojeni, fosforasi na potasi zilizomo katika jani hurudi ardhini jani linapooza au ng'ombe anapoacha samadi, kisha mzizi huzichukua upya. Hapa ndipo ngitili inapozidi picha ya ubaoni. Katika mishale ile minne hayumo mchwa, ilhali katika nyika za Afrika Mashariki mchwa ni miongoni mwa wahudumu wakuu wa mzunguko huo. Huburuta nyasi kavu na vijiti hadi chini ya ardhi, na baadhi ya jamii zao hulima kuvu ndani ya vichuguu ili kuwasagia chakula kilicho kigumu. (Uyoga mkubwa unaochumwa vichuguuni baada ya mvua za kwanza ni zao la shamba hilo, na mlaji wake huenda hajui kwamba anashiriki mavuno ya mdudu.) Udongo wanaoupandisha juu huwa na rutuba kuliko ule unaouzunguka, na nyasi za kandokando ya kichuguu huonekana kijani siku nyingi baada ya nyingine kukauka. Hayumo dundu wa mavi, azikaye samadi kabla jua halijaikausha. Hawamo pia bakteria waishio katika vinundu vya mizizi ya migunga, ambao huchukua naitrojeni ya hewani, iliyo karibu asilimia 78 ya hewa yote lakini isiyofaa kitu kwa mmea, wakaigeuza kuwa chakula cha mti. Mgunga unapoangusha majani yake, nyasi zilizo chini hupata mbolea ambayo hakuna aliyeinunua.

Udongo nao una mpangilio wake. Mwaka ule ule wa 1935, Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Usambara, alieleza kwamba katika Afrika Mashariki aina za udongo hufuatana kutoka kilimani hadi bondeni kama pete za mkufu, na akaupa mpangilio huo jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo, katena. Wakulima wa Usukuma walikuwa wameyajua hayo kwa majina: luseni, udongo wa kichanga wa juu, itogolo, ulio na tabaka gumu chini yake, ibushi, wenye chokaa, na mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Kila mmoja una mimea yake na kiasi chake cha maji. Mtu anayepanda aina moja ya mti kutoka kilimani hadi mbugani, kwa nafasi zilizo sawa, amefuta kwa jembe elimu ambayo Milne alisifiwa kwa kuiandika.

Historia ya eneo hili yaonyesha jinsi mfumo unavyojibu unapoguswa mahali pamoja. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki ukaua sehemu kubwa ya ng'ombe, nyati na nyumbu. Penye mifugo michache hapakuwa na wa kula vichipukizi, wala watu waliodhoofika kwa njaa hawakuweza kufyeka. Vichaka vilienea, na pamoja navyo mbung'o, ambaye huhitaji kivuli. Serikali ya kikoloni ya Uingereza iliona tatizo ni mbung'o. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o kutoka Shinyanga hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938, alijaribu njia nyingi, lakini iliyobadili sura ya nchi ilikuwa ni kufyeka: maelfu ya watu, wakiongozwa na watemi wao, walikata miti katika maeneo makubwa tangu miaka ya 1920. Mbung'o walirudi nyuma. Kwa kipimo kile kazi ilifanikiwa, na haifai kuwalaumu watu waliokuwa wakizika ng'ombe kwa nagana na ndugu kwa malale.

Walakini hesabu haikuishia hapo. Miti iliendelea kukatwa kwa ajili ya mashamba ya pamba, kwa ajili ya kuni, na kuwanyima ndege aina ya kwelea kwelea mahali pa kutagia. Mifugo iliongezeka juu ya malisho yaliyopungua. Nyasi za kudumu, zenye mizizi mirefu, ziliposhindwa kupumzika zilikufa, zikafuatwa na nyasi za msimu mmoja, kisha na ardhi tupu iliyofanya gamba. Mvua ya nchi hii, ambayo kwa kawaida ni kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka, haikupungua kwa sababu hiyo, ila iliacha kuingia ardhini. Ilipiga gamba, ikatiririka, ikachimba makorongo, ikaubeba udongo hadi mtoni. Na maji ya Mto Simiyu na Duma huishia Ziwa Victoria, ambako rutuba ya shamba hugeuka kuwa balaa kwa kulisha mwani na magugumaji. Watu walipohamishiwa vijijini katikati ya miaka ya 1970, ngitili nyingi zilibaki mbali na wenye kuzilinda, zikaliwa na kulimwa. Kufikia miaka ya 1980 Mkoa wa Shinyanga, uliojumuisha Maswa, Bariadi na Meatu wakati ule, ulikuwa ukiitwa jangwa.

Hatua ya kuponya hali hiyo ndiyo inayopaswa kusomwa kwa makini. Mwalimu Julius Nyerere alizuru mkoa huo mwaka 1984, na mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi chake HASHI, ukisaidiwa na Norwei na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo-misitu. Mwanzoni mkazo uliwekwa katika vitalu vya miche, na mingi ilikuwa ya miti ya kigeni. Wananchi hawakuipokea kwa moyo. Ndipo wataalamu walipogeukia kile ambacho wazee walikuwa nacho tayari, yaani kufunga. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana hazikuzidi hekta 600 hivi. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Taarifa ya utafiti iliyotolewa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, ilitaja aina 152 za miti, vichaka na mimea mingine, na aina 145 za ndege, katika ngitili zilizochunguzwa.

Miti hiyo ilitoka wapi, iwapo haikupandwa? Jibu ni kwamba mingi haikuwa imeondoka. Chini ya ardhi iliyoonekana tupu kulikuwa na visiki hai na mizizi ambayo kila mwaka ilitoa chipukizi, na kila mwaka chipukizi hilo lililiwa au kuchomwa. Mti wa miaka 30 ulikuwa umebanwa katika kimo cha goti. Ulipoachwa misimu michache, ulipanda kwa kasi ambayo mche wa kitalu hauwezi, kwa maana mzizi wake ulikuwa umekwisha fika kwenye maji. Mbegu nyingine zililetwa na ng'ombe wenyewe: maganda ya migunga huliwa, mbegu hupita tumboni, ganda gumu hulainika, nayo huangukia katika samadi iliyo mbolea yake ya kwanza. Hakuna kitalu kilicho rahisi kuliko hicho.

Kwa kulinganisha na hayo, desturi ya kuhesabu miche inaonekana ilivyo na upungufu. Halmashauri zimeagizwa kupanda kila moja miti milioni 1.5 kwa mwaka, na shule hutakiwa kutoa mchango wake. Nia ni njema. Kivuli cha uwanja wa shule, matunda, nguzo za kujengea, yote hayo yahitaji mti wa kupanda, tena mkaratusi una faida zake mahali pake. Lakini idadi ya miche ni kipimo cha kazi ya mpandaji. Haisemi lolote juu ya mfumo. Mche uliopandwa Januari katika itogolo na kufa Septemba umehesabiwa. Kisiki cha mgunga kilichochipua chenyewe na kuishi hakikuhesabiwa. Safu za mti mmoja, zisizo na nyasi chini, zisizo na mchwa wa kutosha, zisizo na ndege wa kutagia, ni shamba la mbao, na shamba la mbao si kitu kibaya, ila lisiitwe msitu uliorudi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kutunza mazingira ni kupanda mti atapita juu ya visiki hai mia moja akiwa amebeba mche mmoja mkononi, na jembe lake litang'oa baadhi yake.

Yuko atakayedakia kwamba, ikiwa kufunga kumeleta heri hivyo, basi na ifungwe nchi yote na mifugo ifukuzwe. Huko nako ni kutojua mfumo. Katika Laikipia, Kenya, kwenye udongo mweusi unaofanana na mbuga ya Usukuma, watafiti walizungushia ua baadhi ya vipande vya nyika tangu mwaka 1995 ili tembo, twiga na wanyama wengine wakubwa wasiingie. Humo huota mgunga mdogo wenye miiba iliyofura kama vinundu, ambamo huishi sisimizi. Mti huwapa nyumba na maji matamu, nao huushambulia mdomo wa kila mla majani. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2008 ilieleza kwamba baada ya miaka kumi bila walaji, miti ilipunguza malipo: vinundu na utamu vilikuwa vichache. Sisimizi walinzi walidhoofika, wakachukuliwa nafasi na jamii nyingine isiyolinda, ambayo huacha bungua watoboe shina. Miti iliyokingwa dhidi ya kuliwa ikakua polepole na kufa zaidi kuliko ile iliyoendelea kuliwa.

Serengeti, iliyopakana na mkoa huu kwa upande wa Pori la Akiba la Maswa, imetoa ushahidi ulio mkubwa zaidi. Ng'ombe wa pembezoni walipochanjwa dhidi ya sotoka katika miaka ya 1950 na 1960, ugonjwa uliwaachia nyumbu pia, ingawa wao hawakuchanjwa. Kutoka karibu 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 walifikia zaidi ya 1,300,000 mwaka 1977. Wengi walidhani kundi kama hilo litaifanya nchi kuwa tupu. Kilichotokea ni kwamba nyumbu walikula nyasi ambazo zingekuwa kuni za moto wa kiangazi. Moto ulipungua, na miche ya miti, iliyokuwa ikiungua kila mwaka, ikapata nafasi ya kukua. Anthony Sinclair na wenzake walifuatilia jambo hili kwa miongo kadhaa. Sindano iliyochomwa ng'ombe ikazaa miti: hakuna mshale wa ubaoni unaoweza kulitabiri hilo, na pengine hakuna mfano bora wa kumwonyesha mwanafunzi maana ya neno "mfumo". (Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011.)

Basi ngitili, kwa kufungwa na kufunguliwa, imepita katikati ya makosa yote mawili. Haimfukuzi ng'ombe wala haimpi ruhusa ya mwaka mzima. Hii ndiyo sababu ya kutoiita mabaki ya ushamba, kama ilivyopata kudharauliwa, wala kuisifu tu kwa kuwa ni mila. Inastahili heshima kwa kuwa inafanya kazi, na sababu za kufanya kazi kwake zaweza kuelezwa.

Hata hivyo haiko salama. Sensa ya mwaka 2012, mwaka ule Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa na Bariadi kuwa makao yake makuu, ilihesabu watu 1,584,157. Ile ya 2022 ilihesabu 2,140,497. Ardhi haikuongezeka. Simiyu huongoza kwa kilimo cha pamba, na bei ya pamba inapokuwa nzuri ngitili huonekana kama shamba lililolala bure. Mkaa nao una soko mjini. Tena kuna suala lisilopendeza kutajwa: ngitili ya kaya humfaa mwenye ardhi, na mwenye ardhi nyingi humfaa zaidi. Asiye na ngitili hununua malisho au huangalia ng'ombe wake wakikonda. Mahali ambapo ngitili za kijiji zinamegwa kidogo kidogo huku za watu binafsi zikibaki, ikolojia yaweza kuwa nzuri na haki ikawa mbovu, na ua ambao jirani hauoni kuwa wa haki haudumu. Dagashida ililijua hilo kabla ya wanasayansi. Kwa hiyo ngitili za vijiji zapaswa kuandikwa katika mipango ya matumizi ya ardhi ya kijiji, mipaka yake ikajulikana, kabla hazijawa kumbukumbu ya wazee.

Shule za sekondari zina nafasi yake hapa, na nafasi hiyo haihitaji fedha za wafadhili. Shule yenye ardhi ya kutosha ifunge kipande chake, hata kikiwa cha ekari moja. Isiyo na ardhi iombe ruhusa ya kupima katika ngitili ya kijiji. Kamba ya mita nne, ikifungwa kwenye vijiti vinne, hufanya mraba wa mita moja. Nyasi zilizomo zikatwe mwezi Julai kabla ya lango kufunguliwa, zikaushwe, zipimwe kwa mizani ya maabara. Ichukuliwe kwamba zimepatikana gramu 200. Hekta moja ina mita za mraba 10,000, kwa hiyo ina kilo 2,000 za nyasi kavu. Nusu iachwe ili mashina yasife, mchwa wapate chao na mvua isipige ardhi tupu. Zabaki kilo 1,000. Ng'ombe wa kilo 250 hula kwa siku nyasi kavu zipatazo sehemu moja ya arobaini ya uzito wake, yaani kilo 6 na robo, na kwa siku 100 za kiangazi kilo 625. Kundi la ng'ombe 40 lahitaji basi hekta 25. Mwanafunzi anayefikia jibu hilo kwa nyasi alizozikata mwenyewe ameelewa nishati, ngazi za ulaji na uwezo wa ardhi katika alasiri chache, tena ana jambo la kwenda kumwambia baba yake, ambaye huenda akampinga kwa hoja za nguvu. Na mabishano hayo yana faida kuliko kukariri.

Walimu wengine watasema kwamba muhula ni mfupi na mtihani hauulizi habari za ngitili. Neno hilo lina uzito, kwa maana mwalimu hupimwa kwa matokeo. Lakini mtihani huuliza mnyororo wa chakula, mzunguko wa naitrojeni, ufuatano wa mimea na mmomonyoko wa udongo, na yote hayo yamo ndani ya ua. Kinachoongezeka ni daftari moja la kudumu, linalokabidhiwa na kidato kinachoondoka kwa kidato kinachoingia, lenye tarehe ya kufunga na kufungua, uzito wa nyasi, idadi ya visiki vilivyochipua, aina za ndege, na milimita za mvua ikiwa kipo kipimo chake. Mwaka wa kwanza daftari hilo litaonekana halina maana. Kwenye mwaka wa tano au wa sita, ukiwemo angalau mmoja wa ukame, litakuwa na habari ambazo ofisi nyingi hazina. Nje ya ua pabakizwe mraba mmoja usiofungwa wa kulinganishia. Na shule iliyo juu ya luseni isishindanishe takwimu zake na za shule iliyo mbugani, kabla ya zote mbili kuchimba shimo la nusu mita na kuutazama udongo.